Kaboni Yangu Imeua Kansa

Enzi za vita, sisi wa mtaa wa Musaga hatukutoka katikati ya Bujumbura kurudi nyumbani kabla ya kusikia redioni kama barabara iko wazi. Kwa hiyo nilikuwa na redio maabarani.

Jumatatu nilikuta seli za saratani nilizotilia chembe za kaboni zimekufa zote. Nikamwita profesa wangu, kifua mbele.

"Profesa, kaboni imeua kansa!"

Akachungulia kwenye darubini. "Na zile ambazo hukuzitia kaboni?"

Nikazitazama. Nazo zimekufa.

Akainama nyuma ya kabati la joto tunamozitunzia. Waya wake ulikuwa chini. Kwenye prizi yake nilikuwa nimechomeka redio yangu tangu Ijumaa.

Akaiwasha, akasikiliza habari mpaka mwisho.

"Barabara ya Musaga iko wazi," akasema taratibu. "We, enda nyumbani."