Ottilia na Mizani ya Kahawa

Mwanangu Ottilia alikuwa mtu wa kucheka mpaka majirani wa ng'ambo ya bonde wasikie. Hapa kijijini kwetu Ukata, tukichimba ngolo, yale mashimo yetu ya shamba la mlimani, jembe lake lilitangulia majembe ya wenzake wote. Alikuwa mnene, na unene huo haukumsumbua mtu.

Kisha serikali ikaruhusu wanunuzi binafsi wa kahawa. Kijana wao, Clemence, alikuja na mizani na mdomo. Wasichana wakipeleka kahawa, aliwapandisha kwenye mizani na kutangaza kilo zao mbele ya foleni. Zamu ya Ottilia ilipofika, akapaza sauti:

"Jamani, gunia hili limejaa! Nani atalibeba?"

Watu wakacheka. Ottilia naye akacheka, lakini mimi nilimwona akishuka huku anavuta khanga kufunika tumbo.

Basi, akaacha kula. Sisi wanawake wa nyumbani tunakula sinia moja, si rahisi kujua nani kala nini. Mimi nilijua. Alimega tonge dogo, akalifinyanga, akalifinyanga. Usipa, dagaa wetu wa ziwani, wameisha, yeye bado ana lile lile mkononi. Asubuhi alikunywa maji ya ndimu tu. Shangazi yake, Walburga, akamsifu: "Umependeza siku hizi, kiuno kimeonekana!" Nilitamani kumziba mdomo kwa mwiko.

"Kula, Ottilia."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, mate?"

"Mama, acha kunihesabia matonge! Wewe na Clemence ni mmoja tu."

Msimu wa ngolo alianguka shambani, jembe mkononi. Mimi na Walburga tulimbeba wawili tu hadi nyumbani. Walburga hakusema tena habari za kiuno.

Kesho yake nilikwenda kwa Clemence. Zamu yangu ilipofika, kigunia changu cha mwisho kikapandishwa kwenye mizani yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shusha kahawa yangu."

"Mbona hivyo? Sijasoma kilo bado."

"Usisome. Ulimsoma mwanangu, sasa hawezi kusimama. Umeajiriwa kupima kahawa au watoto wa watu?"

"Ulikuwa utani tu, mama."

"Utani? Watani wetu nawajua, hata msibani wanakuja kututania. Wewe ni mtani wetu tangu lini?"

Akakishusha kigunia.  Kwenye foleni, walewale waliocheka wakatazama chini, na hakuna aliyeshusha gunia lake. Nilijitwika langu nikaondoka peke yangu. Hasira ilinifikisha juu ya kilima.

Nyumbani, Ottilia alikuwa ameshasikia.

"Mama, umenitangaza tena mbele za watu?"

"Nimemtangaza yeye."

Nilisonga ugali, nikaandaa sinia. Kisha nikageuza kigoda, nikatazama mlango.

"Mbona unanipa mgongo?"

"Sihesabu tena."

 Halafu nikasikia bakuli la usipa likiburutwa upande wake. Shingo iliniuma kwa kutaka kugeuka. Sikugeuka.