Bomba Lililopotea Kila Jumatatu

Katarina Swai, ambaye wengi walimwita Mama Anitha, hakumwamini mtu yeyote anayesalimia kwa furaha kabla ya saa mbili asubuhi. Ndiyo maana Sebastian alimkaa kooni tangu siku ya kwanza. Kijana wa miaka ishirini na sita, ameshuka jana tu kutoka Rombo na begi moja, na leo anamwita dada kana kwamba wamenyonya ziwa moja.

Katarina mwenyewe alikuwa mgeni Karatu, ila ugeni wake ulikuwa umeota mizizi. Alitoka Machame mwaka 1994, akaja kwa wiki mbili kumuuguza dada yake aliyejifungua, na hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Mzee Eliamani alikuwa na ofisi ndogo ya kusanifu miradi ya maji, nyuma ya gereji, barabara ya kwenda Ngorongoro, naye alikuwa anatafuta mtu mwenye mkono mtulivu wa kuchora. Akampata. Katarina alichora kwa kalamu na rula miaka sita, vumbi jekundu likimwingia machoni, hata kompyuta zilipofika akapelekwa Arusha miezi miwili kujifunza.

Aliporudi ndipo akaanza kutengeneza kitu alichokipenda kuliko kitu chochote cha ofisi ile, yaani maktaba. Si ya vitabu. Ilikuwa folda moja kwenye kompyuta kubwa, iliyounganishwa kwa waya na nyingine zote, na ndani yake mlikuwa na michoro ya vipande vyote vya mradi wa maji: valvu, viungo, matanki, mabirika ya ng'ombe. Mchoro mkubwa wa mradi ulibeba majina tu. Ukiufungua, programu inakwenda maktaba kuchukua kila kipande kama kilivyo siku hiyo, sawa na oda ya hotelini: karatasi imeandikwa chipsi mayai, lakini jikoni ndiko wanakojua sahani itatoka na nini. Vipande vyote vilikuwa mia tatu na kumi na mbili, na Katarina alivichora kimoja kimoja kwa mkono wake.

Mwaka 2007 Sebastian, mchoraji mpya, akaja na toleo jipya la programu ya kuchorea. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Aligusa maktaba akaihifadhi, na kesho yake kompyuta ya Katarina, yenye toleo la zamani, ikamwambia kwamba mafaili yale hayafunguki. Hebu fikiria: mama mwenye nyumba anafungiwa mlango wa jikoni kwake. Sebastian aliomba radhi, akayarudisha yote katika mfumo wa zamani, na Eliamani akaagiza kompyuta zote ziwekewe toleo moja. Kwa wengine yaliishia hapo.

Kwa Katarina hayakuishia. Tarehe kumi na mbili Februari alinakili maktaba yote kwenye flashi, akaitia kamba, akaivaa shingoni, chini ya blauzi. Kila Jumatatu alifika kabla ya wenzake, akahesabu vipande vya ofisini, akahesabu vya kwenye flashi, mia tatu na kumi na mbili hapa, mia tatu na kumi na mbili pale, kisha akamwaga vya kwake juu ya vya ofisini. Kama kuna mkono umepita, uwe umefutika. Hakumwambia mtu.

Mwezi Machi wahisani wa mradi wa Nainokanoka, juu kwenye milima ya Ngorongoro, wakataka kila tanki liwe na bomba la kutolea maji yaliyozidi, yasimwagike juu ya kifuniko na kula msingi. Katarina akaliongeza kwenye mchoro wa tanki siku ileile, kazi ya robo saa. Jumatatu iliyofuata akachapisha karatasi ya tanki la kwanza, gari likaipeleka juu. Alipofika karatasi ya tatu ndipo akaona: bomba halipo.

Alishtuka, akaliweka tena, akijipa moyo kwamba ile ya kwanza ilitoka nalo. Jumatatu nyingine, halipo. Ajabu zaidi, aliufungua mchoro Jumanne akalikuta lipo, limetulia, wala hajaligusa yeye. Damu ikamchemka. Jumatatu ndiyo siku yake ya kuchapisha, na Jumatatu asubuhi Sebastian huwa safarini Arusha kununua vifaa. Kwa hiyo, aliwaza, huyu mtoto analiondoa Ijumaa jioni, karatasi mbovu zitoke na saini yangu, kisha Jumanne analirudisha afiche nyayo. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yenyewe yananiita dada.

Alichunguza kama askari. Alikumbuka kwamba kila Jumanne Sebastian huwahi kazini, na akikutwa kwenye kompyuta kubwa huinuka haraka. Alimwona akiangalia pembeni. Hata chai aliyomletea aliinusa kwanza. Mwisho akaandika barua ya aya tatu kwa Eliamani, akimtaja Sebastian kwa jina kuwa anahujumu kazi kwa makusudi, na akamalizia kwa methali: kikulacho ki nguoni mwako. Eliamani aliisoma mara mbili, akasema Jumatatu Sebastian hatasafiri. Saa nne ataitwa, na kama ni kweli ataondoka siku hiyohiyo.

Jumatatu hiyo, saa mbili na nusu, Nailantei akaingia. Alikuwa katibu wa kamati ya maji ya Nainokanoka, mama wa makamo, shuka lake bado lina baridi ya huko juu. Hakuleta maneno mengi. Tanki la kwanza lilikuwa limefurika, maji yamekula udongo wa chini, ukuta umepasuka, na wanawake wamerudi kuchota kule bondeni. Mafundi wanaanza tanki la pili kesho. Alitaka karatasi iliyo sahihi, na aliitaka mkononi.

Katarina akamhakikishia kwamba aliyefanya hivyo amejulikana. Maktaba yake haina tatizo, maana anaihesabu kila wiki na hesabu haijawahi kupungua.

Nailantei akacheka kidogo. "Unahesabu? Sisi hatuhesabu ng'ombe, Mama Anitha. Ni kuita mkosi."

"Sasa mnajuaje kama wametimia?"

"Jioni nasimama kwa mlango ya boma, naangalia sura. Wangu mmoja akipotea na wa jirani mmoja akiingia, hesabu yako si itasema iko sawa?"

Katarina alitaka kumjibu kwamba valvu si ng'ombe. Badala yake akaketi, kwa ubishi tu, afungue kipande kimoja kimoja amwonyeshe. Valvu, sawa. Birika, sawa. Alipofika kwenye tanki, bomba halikuwepo, na chini ya jina kulikuwa na tarehe ambayo macho yake hayakuwahi kuijali: 12 Februari.

Mwezi mmoja kabla ya bomba.

Akaivuta flashi shingoni, akaichomeka, akafungua tanki la humo. Halina bomba. Lingekuwa nalo vipi? Kila Jumatatu, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amelifuta bomba lake mwenyewe, na hesabu ikamwambia kwamba mambo yako sawa.

Lakini Jumanne nani alilirudisha?

Mlango wa Eliamani ukafungwa. Saa nne. Sebastian alikuwa ameshaingia. Katarina alisimama, akamwomba Nailantei amsubiri, akaenda akafungua bila kubisha hodi.

"Mzee, hajahujumu kitu huyu. Ni mimi," alisema, akaiweka flashi mezani na kueleza yote, kuanzia Februari.

Eliamani alimgeukia Sebastian, akamwuliza kama aliwahi kuligusa tanki lile. Kijana alitazama sakafu.

"Nilikuwa nalirudisha," alisema. "Kila Jumanne nalikuta halipo. Nilidhani dada anasahau, nikaona aibu kumkosoa, yeye ni mkubwa wangu. Nikasema nirekebishe kimyakimya."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mmoja alikaa kimya kwa kushuku, mwingine kwa heshima, na tanki la watu likapasuka katikati yao.

Eliamani akafungua droo, akatoa barua. Alikuwa mzee mpole, lakini siku hiyo hakuwa mpole.

"Nimsomee mimi, au umsomee mwenyewe?"

Katarina aliisoma mwenyewe, amesimama, aya zote tatu. Hata methali hakuiruka. Kisha akasema nisamehe, na Sebastian akasema yameisha, Mama Anitha.

Kabla ya saa sita Nailantei alikuwa barabarani akitafuta gari, karatasi za matanki sita zikiwa zimekunjwa ndani ya shuka, kila moja na bomba lake. Katarina na Sebastian walikuwa wamezikagua pamoja, sura kwa sura.

Sebastian alikaa ofisi ile miaka minne mingine, na shikamoo yake haikukosekana hata asubuhi moja. Neno dada ndilo Katarina hakulisikia tena, na mara nyingi, akifika mapema, alijikuta akilisubiri.