Ngozi Niliyoishona kwenye Kompyuta

Mukitaka kucheka, mucheke sasa, kisha munyamaze nimalize. Sikuwa nimelewa. Sikuwa nimeonja hata tone la kasiksi. Haki ya Mungu, haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa Bukavu, katika kachumba kangu ka kazi kule Kadutu.

Kazi yangu ni kutengeneza picha kwenye kompyuta: mialiko ya harusi, kalenda za parokia, na zile albamu za ukumbusho ambazo familia hutoa siku ya kuondoa matanga. Watu wanapenda jalada lifanane na ngozi iliyoshonwa kwa mkono. Ni karatasi tu, lakini mtu akiiona lazima apeleke kidole aiguse. Na mimi nilikuwa na ujanja wangu. Sikuhangaika kutafuta ngozi. Nilipiga picha mgongo wa mkono wangu wa kushoto kwa simu, karibu kabisa, nikaondoa rangi, nikakaza vile vikunyanzi, nikatia kahawia na mwanga wa upande mmoja. Eh! Hata fundi viatu angedanganyika. Nilijivunia sana ujanja huo, musinione hivi.

Siku hiyo mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hujisikii ukisema. Akaingia mama mmoja, kitenge kimemfunika mpaka vidoleni. Hakuwa amelowa. Ningemuuliza? Nani anamhoji mteja siku ya mvua?

"Mutoto yangu, niko nataka ngozi," akasema. "Ile ya kushona pembeni yote. Nitaingoja hapa hapa."

"Ya albamu ya nani, maman?"

"Yangu mimi. Ile ya zamani imeshazeeka."

Nikadhani anasema albamu. Nikafungua ile picha ya mkono wangu, nikaanza kushona. Mishono ya kompyuta inataka uvumilivu. Ukinakili mstari mzima kwa mara moja, jicho linajua ni uongo. Lazima uweke mmoja mmoja: tundu, uzi ulioinama kidogo, kivuli chini yake, na ngozi ibonyee pale uzi unapovuta.

Mshono wa kwanza, kitu kikanichoma mkono wa kushoto. Nikasema ni kiroboto. Wa pili, tena. Wa tatu nikaangalia, nikaona kitone cha damu pale kwenye kifundo cha mkono. Nikataka kuinua mkono ule. Haukuinuka, ulikuwa umegandama na meza. Nikataka kuacha kipanya. Vidole vya kulia vikaendelea kubofya vyenyewe, na mimi ninaviangalia tu kama ni vya jirani.

Mlango nao niliuona umefungwa, na sikuwa nimesikia mtu akiufunga. Nikapiga kelele. Mvua ikazimeza zote.

"Maman, nakuomba, niache."

"Maliza kwanza," akasema, tena kwa upole, na upole ule ndio ulioniogopesha zaidi. "Usiache nafasi."

Akasogea aangalie kioo cha kompyuta, kitenge kikateleza. Mama yangu weh! Mkono wake ulikuwa umeshonwa kuzunguka kifundo, uzi mweusi, mishono imekamilika, na ngozi imelegea juu yake kama soksi ya mtu mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa amekuja kutafuta ngozi gani.

Nikamkumbuka mama yangu. Kifungo kikikatika asubuhi ya shule, alikuwa ananivua shati kwanza, nichelewe nisichelewe. "Nguo haishonewi mwilini," alikuwa anasema. "Mwenye kushonewa mwilini ni maiti." Na mimi nimekaa pale, mzima, ninashona mwili wangu mwenyewe! Niliona haya na hofu pamoja. Nikalia. Sifichi, nililia kama mtoto, huku mkono wa kulia unashona tu. Mzunguko ukawa unafungika. Ikabaki nafasi ya mshono mmoja, na kipanya kikafika pale pale.

Umeme ukakatika.

Jamani, umeme wa Bukavu! Miaka yote ninautukana. Siku hiyo ningeubusu. Kioo kikawa cheusi, mkono ukaachia, nikaanguka na kiti changu, nikatoka mbio bila viatu mpaka kwenye matope.

Maman Bahati, anayeuza beignets, yale maandazi yetu, karibu na mlango wangu, akashangaa. "Uko unakimbia nini? Mulango ulikuwa wazi tu. Nilikuona unalia, nikasema labda umepata habari ya kifo, nikakuacha ulie."

"Na yule maman aliyeingia?"

"Maman gani? Uko peke yako tangu asubuhi."

Umeme uliporudi, picha ilikuwepo, wakati mimi sikuwa nimeihifadhi. Nilijaribu kuifuta. Nilipobofya tu, ngozi ya mkono ikaanza kuachia kwenye yale matundu, nikaacha haraka. Sasa mufikirie wenyewe: kuimaliza siwezi, kuifuta siwezi. Padri alikuja akainyunyizia maji ya baraka, akanywa chai, akaenda zake. Kompyuta iko chumbani kwangu chini ya kitenge, haina waya, na hakuna fundi atakayeigusa nikiwa hai. Mkononi vitone vimebaki, vimezunguka kifundo, na pengo moja dogo. Nikinawa, ngozi ya pale inateleza kidogo. Mke wangu hataki kuiangalia.

Ninyi wa kazi hii, mupige picha kiatu, mupige mkoba, hata ngozi ya mbuzi ya kule Nyangezi. Mwili wenu muuache. Na mvua ikinyesha, akaingia kwako mama asiyelowa, akafungua mbele yako kazi ambayo mtu mwingine aliiachia njiani, akakuambia imebaki kidogo tu, mwambie huwezi. Hasemi uongo, imebaki kidogo kweli, mshono mmoja tu. Ndiyo maana ninakuomba usimsaidie.