Uchafu Ndani ya Kompyuta

Juzi simu yangu ilikataa kupiga picha, ikaniambia nafasi imejaa, na papo hapo nikaikumbuka harufu ya mende.

Nilikuwa mtoto, tukiishi mtaa wa Umoja. Mama aliwachapia majirani ratiba za mazishi kwa kompyuta kuukuu iliyokaa sebuleni. Alasiri hiyo ilikataa kuhifadhi ratiba ya mtoto wa jirani, aliyekuwa azikwe kesho yake. Mama akaketi kutafuta cha kufuta. Nilipomsikia akisema imejaa, nilichungulia matundu ya nyuma, nikaona mende wamejazana humo kwenye joto, wengine weupe, wakipandana. Harufu yao ikanifanya nizibe pua.

Mara Mama akazima skrini, akamwita Anko Musyoka, mdogo wake aliyekuwa akikaa kwetu.

"Huu uchafu umeingia aje kwa nyumba yangu?"

Anko akatazama sakafu. "Dada, ni marafiki walinipea hizo disketi."

"Na watoto wako hapa. Toa yote, halafu utoe na nguo zako."

Nilimhurumia. Mende walikuwa kila nyumba, mbona afukuzwe yeye? Miaka ilipita kabla sijajua kwamba Mama hakuwa ameona mende hata mmoja. Alikuwa ameona picha za wanawake uchi, zimejaa tele.

Siku hiyo nilimwambia Mama tununue dawa tuwapulizie mende. Alipangusa kibodi kwa spiriti, kitufe baada ya kitufe, uso ameukunja, ndipo akakubali kuliandika jina la yule mtoto.