Nilivyofuta majirani zangu kwenye ramani ya chuo kikuu (na sisi wenyewe pia)

Wakuu, niaje. Mimi hapa huwa nasoma tu, sikomenti. Hata class naulizwa swali, jibu nalijua, na bado naangalia dawati. Kwa hivyo mkiona nimeanzisha uzi, jueni yamenifika hapa. Sijatia chumvi. Mwenye ataaibika zaidi ni mimi mwenyewe.

Niko Form Three, naishi Dandora.

Holiday iliyopita chuo kikuu kimoja kilileta workshop ya ramani kwenye hall ya kanisa letu. Geospatial mapping and analysis. Walitaka vijana wanaojua mtaa. Mathe, yaani mama yangu, aliniandikisha bila kuniuliza, kwa sababu kwake mtoto anayeandika diary kila jioni ni mgonjwa, dawa yake ni kutolewa nje.

Siku ya kwanza ilikuwa talks. Tulipewa kitambulisho cha shingoni, kalamu, na maneno mengi. Daktari, yaani lecturer aliyekuwa anaongoza, alituonyesha picha ya satellite akasema siku hizi hakuna kitu kinajificha kutoka juu. Hata mbuzi anaonekana. Na kweli tukamwona mbuzi, amesimama juu ya taka. Tukapiga makofi. Sijui tulimpigia Daktari ama mbuzi.

Halafu akasema jambo la maana. Chuo na wafadhili wao watajenga kioski ya maji. Moja tu. Itawekwa pale ramani itaonyesha watu ni wengi.

Hapo niliamka. Line yetu, yaani safu yetu ya ploti, bomba zilikauka kitambo. Mathe huchota maji ng'ambo kwa flats, mitungi miwili kabla ya job na miwili baada ya job. Mgongo wake siku hizi unaongea kuliko mimi.

Siku ya pili tukatoka nje. Kila mtu na line yake, simu mkononi, unasimama mbele ya mlango unaweka dot kwenye app ya ramani, dot moja kwa kila nyumba.

Kwa wale hawajui ploti za huku: geti ni moja, uwanja mdogo katikati, vyumba vinane, familia nane. Kwetu ni hivyo. Nikaweka dots nane vizuri kabisa. Mama Awuor wa mlango wa kwanza, ambaye ndiye alikuwa anabaki na mimi nikiwa mdogo, akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia namweka kwenye ramani. Akaingia ndani akatoka amevaa leso safi. Nikamweleza satellite haipigi picha saa hiyo. Akasema huwezi jua.

Jioni app ikaniletea onyo jekundu: dots ziko karibu sana, huenda umerudia nyumba moja. Kijitabu cha workshop kilisema zikiwa chini ya mita tano, bakisha moja, isogeze hadi getini, futa zingine. Flats walikuwa na swali lao spesheli, ghorofa ngapi, milango mingapi kila ghorofa. Sisi wa chini hatukupewa swali. Tulipewa onyo.

Mtu mwingine angeuliza. Lakini kuuliza ni kuinua mkono.

Nikafuta. Ploti baada ya ploti, saba kwa saba, nidhamu ya hali ya juu. Nilimfuta Mama Awuor na leso yake. Nilimfuta mathe akiwa anakata sukuma hatua mbili kutoka pale nilikaa.

Asubuhi Daktari akanisifu mbele ya wote. Eti data yangu ndiyo safi zaidi.

Hiyo siku ya tatu wazazi na majirani walialikwa. Ramani ikawekwa ukutani. Upande wa flats nyekundu kama nyanya. Line yetu imepauka, ungedhani tulihama. Daktari akaeleza kwa upole kwamba huku kwetu watu ni wachache, kwa hivyo kioski itaenda flats. Flats, wenye maji. Lakini sayansi ni sayansi.

Mama Awuor akasimama.

"Daktari, na mimi niko wapi hapo?"

Daktari akazoom. Akazoom tena. Akamwonyesha dot moja.

"Hiyo ni geti," Mama Awuor akasema. "Mimi silali kwa geti. Mimi si mbwa."

Watu wakacheka. Daktari akasema data ilikusanywa na vijana wa mtaa wenyewe na imekaguliwa. Mathe alikuwa kiti cha nyuma. Alikuwa tu anausugua mgongo.

Nilikaa nikingoja mtu mwingine aongee. Huo ndio mpango wangu wa maisha. Shida ni kwamba mwenye alijua kilichofanyika nilikuwa mimi peke yangu.

Nikasimama. Sauti ikatoka kama ya mbu.

"Mama Awuor, ni mimi nilikufuta. App ilisema mko karibu sana."

"Karibu na nani?"

"Na sisi."

Hakuniangalia mimi. Alimgeukia Daktari. "Kwani huko chuo jirani akiwa karibu ni makosa?"

Nimpe Daktari haki yake, hakubisha. Alisema twende. Hall nzima ikamfuata hadi ploti yetu, akapiga hodi milango yote nane, na kila mlango ulikuwa na wenyewe. Ploti ya pili vivyo hivyo. Kufika ya nne aliacha kupiga hodi, akabaki kuandika tu. Ramani ikarudiwa, safari hii na swali la milango ya ploti, na line yetu ikawa nyekundu kushinda flats.

Kioski iko kona yetu sasa. Mathe bado anachota mitungi minne, lakini anarudi chai ikiwa moto. Mama Awuor amenisamehe, ila kila akiniona nimeshika simu huniuliza kama bado yuko.

Certificate pia nilipewa. Inasema nimebobea katika ukusanyaji wa data sahihi. Sijaibandika popote.

Nilichojifunza: mashine ikikuambia ufute watu, uliza kwanza, hata kama kuuliza kunakutoa jasho. Mimi nilinyamaza siku moja tu na familia nyingi zikapotea.

Wale wamewahi kupitiwa na hizi workshop mtaani kwao, mliwekwa ama mlifutwa? Andikeni hapa chini. Nitasoma zote, na safari hii nitajaribu kujibu.