Susu wa Ngazi ya Ghorofa ya Tatu

Sina haja ya kukudanganya. Mimi nafanya kazi kwenye maabara moja hapa Thika, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazi yangu ni kuangalia damu za watu kwa hadubini. Kama kitu hakionekani, naandika hakipo, natia sahihi, naenda kunywa chai. Kwa hivyo ninapokuambia kwamba niliongea na mtu ambaye hayupo, kwenye ngazi za jengo moja la Ruiru, jua likiwa bado halijazama vizuri, tafadhali usinitazame hivyo.

Nianze na nyumba yenyewe. Nilikuwa nimepanga bedsita, chumba kimoja tu, Kahawa Wendani kwa miaka mingi, nimezungukwa na wanafunzi wa chuo ambao kila mwaka umri wao ni uleule huku mimi nikizeeka. Sijaolewa. Kwetu ni Matuu, na baba alipofariki shamba lote lilimwendea kaka yangu Mutua. Hakuna aliyeniuliza, na mimi kwa kiburi changu sikuuliza. Nilijiapia tu kwamba siku moja nitakuwa na mlango ambao hakuna mwanamume atakayeniambia ni wa baba yake.

Basi nikapata nyumba ya chumba kimoja cha kulala, ghorofa ya nne, mwenyewe akiiuza kwa haraka. Wenzangu kazini walinicheka. Walisema nanunua hewa, eti afadhali ningetafuta ploti kule Murera angalau nikanyage chini. Niliwajibu kwamba hewa nimeivuta maisha yangu yote na haijanidhuru.

Nililipenda lile jengo. Ukipanda ngazi jioni unapita harufu ya omena, dagaa wa Wajaluo, ghorofa ya kwanza, anjera ya Wasomali ya pili, ukifika ya tatu kuna mtu anaponda mukimo na redio inahubiri kwa Kikuyu. Watu wa kila pembe, na hakuna anayemuuliza mwenzake ametoka wapi. Kwangu mimi hilo lilikuwa jambo zuri sana.

Sasa, mtu yeyote aliyewahi kutafuta nyumba atakuambia usiende kuiangalia asubuhi pekee. Nenda jioni, wakati kila mtu anaoga na kuosha vyombo, uone kama maji yanafika juu. Ndiyo sababu nilirudi Jumamosi moja peke yangu, saa kumi na mbili na nusu hivi, na funguo za ajenti mkononi.

Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne palikuwa na mwanamke mzee ameketi kwenye ngazi, kiondo miguuni. Alikuwa amejifunga leso mbili na kichwani kitambaa cheupe. Alinisalimu kwa Kikamba, "wakya", nami nikaitika "aa" kabla hata sijafikiri, kama nilivyokuwa nikiitika nikiwa msichana. Ni baadaye nilipojiuliza alijuaje kwamba mimi ni Mkamba. Na hakikuwa Kikamba cha Machakos mjini. Kilikuwa cha kwetu kabisa, vile wanawake wa Matuu wanavyovuta maneno.

Nilimwita Susu, kama tunavyowaita akina nyanya. Aliniuliza kama nakaa hapo au napita. Nikamwambia nataka kununua nyumba. Akagusa sakafu kwa kiganja, akaipapasa polepole.

"Na siku yako ikifika," akasema, "watakupeleka wapi?"

Wewe ungejibu nini? Kwetu mtu hazikwi mjini. Analazwa kwa shamba la watu wake, na kila mtu anayejua hilo hujua pia kwamba mwanamke asiye na mume wala shamba ni bora asiulizwe. Nilisimama pale, mwanamke mzima mwenye vyeti, nikaona aibu hadi masikio yakawaka.

Hakunibana nijibu. Aliomba tu nimbebee kiondo hadi juu, na unajua mtu mzima hakataliwi. Kilikuwa kizito ajabu. Nilikipandisha ngazi zile chache kwa mikono miwili, nikakiweka mlangoni, nikageuka kumsaidia. Hakukuwa na mtu. Nikageukia kiondo. Hakikuwepo. Lakini viganja vyangu vilikuwa na udongo, na niamini, nilivisogeza karibu na taa nikaviangalia kama ninavyoangalia kazi yangu. Upande ule wa Ruiru udongo ni mweusi, unanata. Huu ulikuwa mwekundu, wa kichanga, wenye chembe zinazong'aa. Nimelima udongo huo nikiwa mtoto. Ulikuwa wa Matuu.

Maji sikuyaangalia tena. Niliteremka hadi kwa Wafula, keateka, msimamizi wa jengo, aliyekuwa akifagia langoni. Alinitazama mikono akaacha kufagia.

"Madam, umempata kwa ngazi?"

"Nani?"

"Huyo nyanya. Alikuongelesha na lugha gani?"

Nikamwambia Kikamba. Akatikisa kichwa.

"Mimi aliniongelesha Kibukusu, ya kwetu ndani kabisa. Mama Halima wa second floor anasema ni Kisomali. Hapa kila mtu ameulizwa hiyo swali. Mimi nilimwambia kwetu ni Webuye, karibu na baba yangu, na hajawahi nisumbua tena."

"Na asiye na jibu?"

"Huyo anarudiwa. Mwenye anakuuzia hiyo nyumba alikuwa anarudiwa karibu kila wiki. Unadhani anauza haraka ya nini?"

Mtu mwenye akili angetafuta nyumba kwingine. Mimi sikuogopa, nilikasirika. Nimengoja mlango wangu karibu miaka ishirini, halafu nizuiwe na swali? Jumapili iliyofuata nilikwenda Matuu, nikamkuta Mutua akirekebisha ua. Nikamuuliza bila kuzunguka: nikifa, nitalala wapi?

Alifikiri ni ugonjwa. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba, penye kaburi la mama, akanionyesha kipande kilicho kando yake.

"Hapa ni pako, mwiitu wa mwaitu," akasema, ndiyo kusema binti wa mama yangu. "Sijawahi kupalima. Ulidhani nitakutupa?"

Nililia, sikufichi. Nililia njia yote nikirudi, na wiki hiyo hiyo nikamjulisha ajenti kwamba nanunua.

Nilihamia. Maji, kwa taarifa yako, hufika juu siku za Jumanne na Ijumaa tu. Miezi mitatu hivi baadaye, natoka kazini jioni, nikamkuta Susu pale pale kwenye ngazi, safari hii bila kiondo. Sikungoja aulize. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma kwa mtihani: Matuu, kando ya mama yangu, kaka yangu amenionyesha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, taratibu, bila ubaya wowote:

"Huko umepewa ukifa. Ukiwa hai ulinyimwa na nani?"

Niliangalia funguo mkononi nikitafuta jinsi ya kumtetea kaka yangu. Nilipoinua macho ngazi zilikuwa tupu, na mtoto wa jirani alikuwa akinipita na mkate akiniambia shikamoo.

Tangu siku hiyo hajanirudia, na nadhani hatarudi. Ila swali lake sijaweza kulitua. Kila nikiingiza ufunguo mlangoni nafikiria ule upande wa nyuma ya nyumba, nafikiria kaka mwenye ekari sita aliyeweza kunikatia futi sita bila kusita, na mimi nikashukuru hadi kulia. Mwezi wa Desemba nilirudi Matuu nikaomba kipande cha kupanda mahindi na maharagwe, nikiwa bado napumua. Nilimwambia sitaki kupokonya, nataka kilicho changu. Mutua hakupandisha sauti. Alivaa kofia yake akaingia shambani, na mpaka leo hapokei simu zangu. Wazee wa ukoo wanatuita mwezi ujao, na nitakwenda.

Kwa hivyo ukija Ruiru kutafuta nyumba, njoo. Angalia hati, angalia maji, ongea na majirani. Na ukikutana na mwanamke mzee kwenye ngazi, akakusalimu kwa lugha ya mama yako, usikimbie, kwa maana hadhuru mtu. Mwitikie kwa heshima. Ila kabla hujamjibu, jua kwamba ukishaanza kujiuliza kilicho chako, hutaweza kunyamaza tena, hata mbele ya wale unaowapenda. Mimi sikuonywa.