Chozi, Ulimbo na Wino Mwekundu

Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini kampuni ya usafi ninayo, na magari matatu yenye jina langu ubavuni yanazunguka Louisville, South End hadi Jeffersontown. Ndugu zangu wa Columbus wanakuja kwangu kuomba kazi. Sasa mtu anifundishe ndege wa kwetu?

Binti yangu alipewa kazi ya shule: aandike juu ya ndege mdogo wa Amerika, wa misitu ya milimani yenye ukungu. Mdomo kama sindano, anakunywa maua huku ananing'inia hewani. Kuona picha nikacheka. Kijani kinachong'aa, koo la zambarau: huyo si chozi, ndege wetu wa kule? Nikamwambia aandike kwamba milima ya Kivu imejaa hao. Akaandika. Mwalimu akakata sentensi yote kwa wino mwekundu: Afrika ndege hawa hawako.

Donc mimi mwongo? Nilivaa koti la kanisani niende kumuuliza mwalimu amelala mara ngapi kwenye msitu wetu. Binti akanisihi nisiende; alama zimeshapotea, asiongezewe aibu. Nikampigia dada yangu mkubwa wa Buffalo, nikafungua sauti ili mtoto asikie shahidi.

Dada alikubali yote: rangi, mdomo, maua. Nami nikaongeza kwamba hakuna aliyewakamata kama mimi. Unapaka ulimbo, utomvu ule wa kunata, kwenye kijiti kando ya ua. Ndege akitua anywe, miguu imeshikwa.

Binti akauliza polepole, "Papa, kama anakunywa akining'inia hewani, ulimbo ulimshika wapi?"

Dada akajibu: "Wetu alikuwa anatua, mwanangu. Papa yako anajua. Ni yeye aliyekuwa anawabandua miguu."

Bon. Shule nilienda hata hivyo. Nilimwambia mwalimu kukata ni rahisi. Angemuuliza mtoto ndege wa kwetu ni yupi, angejifunza kitu. Niliongea sana, binti akitafsiri, na tafsiri yake ilikuwa fupi mno. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali, akampa karatasi mpya.

Kwenye gari nikamuuliza binti kama alisema yote.

"Nimesema unamjua chozi, na nitaandika jinsi ulivyomkamata."

Nikamwambia aandike pia kwamba kijiji kizima hakuna aliyenishinda. Hapo mwalimu asiguse na wino wake.